Nailoni au uzi wa kusuka: jinsi ya kuchagua mshipi wa kuvulia Ziwa Victoria

Mwongozo huu ni wa anayevua kwa ndoano upande wa Mwanza: juu ya mawe ya Luchelele au Igombe, kwenye mtumbwi wa kasia ndani ya Ghuba ya Mwanza, au kwenye boti ya injini kuelekea Kome na Ukerewe. Mwenye nyavu ana mambo yake, hayamo humu.

Jibu lenyewe ni fupi. Ukivua ukiwa juu ya mawe, au ukivuta kwa mkono bila fimbo, nunua nailoni. Ukivua kwa fimbo yenye rili (kifaa cha kuzungushia uzi) kwenye maji marefu, au kando ya matete na magugu maji, uzi wa kusuka unastahili bei yake, mradi mita mbili za mwisho karibu na ndoano ziwe nailoni. Anayeuliza “upi una nguvu zaidi” anauliza swali ambalo halimsaidii. Uzi huchaguliwa kwa kuangalia utagusana na nini: jiwe, kiganja, majani, au maji matupu.

Hatua ya 1: Hakikisha unajua ulichoshika dukani

Kwenye maduka ya zana za uvuvi utakuta aina tatu, na mbili kati ya hizo huchanganywa kila siku.

Ya kwanza ni nailoni, yaani uzi mmoja mzima usio na nyuzi ndani yake. Unang'aa, unapitisha mwanga, na ukiuachia kutoka kwenye kibao unabaki umejikunja. Ya pili ni uzi wa kusuka: nyuzi nyembamba 4 au 8 za polithilini zilizosukwa pamoja. Ni laini, haukumbuki mikunjo, na ukiuvuta haunyumbuki. Ya tatu ni uzi wa nailoni wa kusokotwa, ule wa kushonea nyavu na kutengenezea migonzo (mishipi mirefu yenye ndoano nyingi), ambao huandikwa namba kama 210/24 au 210/36. Huu wa tatu ni mzuri kwa kazi yake, ila ukiuweka kwenye rili unajipinda, unabeba maji na ni mnene mno kwa nguvu unayopata. Asiyejua huuziwa huu akidhani ni wa pili.

Kuutambua ni rahisi. Shika ncha, uizungushe kinyume cha msokoto: wa kusokotwa hufunguka mara moja na kuachana nyuzi mbili tatu, wa kusuka haufunguki kwa kuzungusha. Bado una shaka? Kata kipande cha sentimita 5, kisugue kwa vidole vyenye maji na sabuni kidogo ili mapovu ya hewa yatoke, kisha kizamishe kwenye glasi ya maji. Polithilini ni nyepesi kuliko maji, itapanda juu. Nailoni ni nzito kuliko maji, itabaki chini, hata ikiwa imesukwa vizuri kiasi gani. Uzi “wa kusuka” unaozama haujatengenezwa kwa polithilini, kwa hiyo usiulipie bei ya polithilini.

Tukiwa hapo hapo, wengi huogopa kununua nailoni kwa sababu wamesikia timba imepigwa marufuku. Marufuku ya timba inahusu nyavu za uzi mmoja wa nailoni. Mshipi wenye ndoano ni kitu kingine. Leseni ya uvuvi ndiyo utakayoulizwa, basi pita kwanza kwa ofisa uvuvi wa wilaya au kwa viongozi wa BMU (kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi) wa mwalo unaotaka kuvulia. Na maji ya hifadhi kama Saanane na Rubondo hayaingiwi bila kibali cha hifadhi.

Hatua ya 2: Pima, usiamini lebo

Nguvu zilizoandikwa kwenye boksi, hasa za nyuzi za kusuka za bei rahisi, mara nyingi zimeongezwa chumvi. Unene ni mgumu kudanganya, maana unaweza kuupima mwenyewe. Chukua penseli, uizungushie uzi ukiupanga sambamba bila kupandana, mpaka ufikishe sentimita moja. Hesabu mizunguko, kisha gawa 10 kwa idadi hiyo. Mizunguko 20 ni milimita 0.50. Mizunguko 25 ni 0.40. Kwa uzi wa kusuka usikaze sana, kwa sababu hubonyea na kuonekana mwembamba kuliko ulivyo.

Baada ya hapo linganisha na vipimo hivi, ambavyo ni vya kukadiria kwa uzi wenye ubora wa kawaida. Nailoni ya milimita 0.40 hubeba kilo 9 hadi 10. Ya 0.50 ni kama kilo 14, ya 0.60 kilo 18 hadi 20, ya 0.80 karibu kilo 30, na ya 1.00 kilo 40 na kidogo. Upande wa kusuka, 0.23 hubeba kama kilo 9, 0.28 kilo 13 hadi 14, 0.36 kilo 22 hadi 23, na 0.43 kama kilo 36. Lebo ikisema 0.28 na kilo 40, rudisha boksi kwenye shelfu.

Ukitaka uhakika kabisa, tumia dumu la lita 20. Loweka mita mbili za uzi ndani ya maji kwa saa moja, kwa sababu nailoni ikilowa hupungua nguvu kwa asilimia 10 hadi 15 na samaki utamkamata ikiwa imelowa. Funga ncha moja kwenye tawi au boriti, nyingine kwenye mpini wa dumu, kwa fundo lile lile utakalotumia ziwani. Dumu liwe sentimita chache tu juu ya ardhi. Mimina maji lita moja moja. Lita moja ni kilo moja, ongeza uzito wa dumu tupu, ambao ni kama kilo moja. Uso na mikono viwe mbali. Uzi ukikatika unarudi kwa kasi. Angalia umekatikia wapi. Ukikatikia kwenye fundo chini sana ya kipimo kilichoandikwa, fundo lako ndilo lenye kasoro, na hakuna uzi wa bei yoyote utakaokuokoa.

Hatua ya 3: Amua kwa mahali unapovua

*Kwenye mawe.* Mawe ya Mwanza ni matale, na sehemu zake zilizovunjika zina kingo za chembe ngumu kuliko zinavyoonekana. Uzi wa kusuka uliokazwa ukipita kwenye ukingo wa namna hiyo hukatwa unyuzi mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa kila unyuzi ni mwembamba mno, sekunde mbili zinatosha. Nailoni nene ina mwili wa kukwaruzwa: inaumia, inakuwa na mikwaruzo meupe, lakini samaki anafika. Kwa sato wa ukingoni chukua 0.35 hadi 0.40 na ndoano namba 6 au 8, kwa minyoo. Kwa furu shuka hadi 0.25 na ndoano namba 12. Kwa sangara kutoka kwenye mawe usiende chini ya 0.60.

*Kwa mkono.* Hapa hakuna mjadala. Nailoni ya 0.80 hadi 1.00, mita 60 hadi 80, imezungushwa kwenye kibao au chupa ya plastiki, risasi (uzito wa kuzamishia ndoano) ya gramu 50 hadi 100. Unene huo hauhitajiki kwa nguvu tu. Unahitajika ili kiganja kipate cha kushika. Uzi wa kusuka wa 0.36 wenye sangara wa kilo 10 upande wa pili unaingia kwenye nyama ya kidole kabla hujatamka neno. Tena nailoni hunyumbuka, na mnyumbuko huo ndio unaofanya kazi ya fimbo pale ambapo fimbo haipo: sangara akitikisa kichwa, uzi unampa na kumnyima.

*Maji marefu kwa fimbo.* Huku ndiko uzi wa kusuka unakojilipa. Ziwa letu si refu sana kwenda chini, sehemu yake ya kina kirefu kabisa ni kama mita 80, lakini hata mita 30 tu zinatosha kuonyesha tofauti. Ukiwa na nailoni kwenye kina hicho, ukiinua fimbo nusu mita, sehemu kubwa ya mwendo huo inamezwa na mnyumbuko wa uzi. Chambo chini kinasogea kidogo tu, na samaki akigusa unapata habari imechelewa. Wa kusuka haunyumbuki zaidi ya asilimia chache, kwa hiyo unahisi risasi ikigusa tope na unahisi furu aliye kwenye ndoano akihangaika kabla sangara hajammeza. Wembamba wake nao unasaidia: maji na upepo vinausukuma kidogo, hivyo risasi ya gramu 40 inafanya kazi iliyohitaji gramu 80.

*Kuburuta chambo bandia nyuma ya boti.* Hapa watu hutofautiana, na msimamo wetu ni kwamba nailoni ya 0.60 bado ni chaguo la busara kwa anayeanza. Boti inakwenda kilomita 4 hadi 6 kwa saa, chambo kiko mita 30 hadi 50 nyuma, sangara anapiga kwa nguvu zote. Uzi usionyumbuka pamoja na breki ya rili (inayozuia uzi kutoka) iliyokazwa huchana mdomo au hunyoosha ndoano pale pale. Ukitaka kutumia wa kusuka, iwe fimbo laini na breki iliyolegezwa. Kumbuka pia kwamba chambo kile kile kitazama zaidi kikiwa kwenye uzi mwembamba. Kama kwa nailoni kilikuwa kinapita juu ya mwamba salama, kwa uzi wa kusuka kinaweza kuugonga.

*Matete na magugu maji.* Wa kusuka, 0.36 au zaidi. Ukiwa umekazwa hukata mashina laini, na kwa kuwa haunyumbuki unaweza kumgeuza samaki kabla hajaingia ndani. Kwa nailoni unavuta, inanyumbuka, naye ameshazunguka mashina matatu.

Kuhusu rangi, usijisumbue sana. Maji ya ghuba ni ya kijani na yana ukungu kwa sehemu kubwa ya mwaka, uzi hauonekani mbali. Chagua rangi ambayo wewe unaiona vizuri ukiwa juu, kisha kipande cha mbele, kile cha karibu na ndoano, kiwe nailoni isiyo na rangi.

Hatua ya 4: Jaza rili

Ukinunua wa kusuka, usiufunge moja kwa moja kwenye bobini tupu, ile sehemu ya rili inayozungushiwa uzi. Ni mtelezi; bobini ikiwa laini, uzi wote unazunguka juu yake kama bangili mkononi, na utadhani breki imeharibika. Anza na nailoni chini.

Kiasi gani? Rili nyingi zimeandikwa pembeni uwezo wake, kwa mfano 0.40/150, yaani mita 150 za uzi wa 0.40. Uzi wa 0.28 kwenye rili hiyo hiyo utaingia karibu mita 300, na huhitaji zote. Weka kwanza mita 75 za nailoni ya 0.40, unganisha, kisha weka mita 150 za kusuka juu yake. Bobini itajaa na utakuwa umelipia nusu. Acha milimita 2 bila kujaza kwenye ukingo. Ikifurika, uzi unajimwaga kwa mafungu kila unaporusha.

Wakati wa kuzungusha, mtu mwingine aubane uzi kwa kitambaa kibichi. Uzi wa kusuka uliozungushwa ukiwa legevu hufanya makosa mawili: tabaka la juu huzama kati ya matabaka ya chini samaki anapovuta, na siku ya kurusha hutoka kitanzi chenye fundo katikati ya uzi. Fundo la namna hiyo usilivute. Lilegeze taratibu kwa ncha ya ndoano.

Hatua ya 5: Kipande cha mbele

Sangara hana meno ya kukata. Ana meno madogo mengi yaliyobanana, yanayosaga uzi taratibu, na pembeni ya kichwa ana vifuniko vya matamvua vyenye kingo kali. Kwa hiyo waya wa chuma hauhitajiki, ila uzi wa kusuka usifike mdomoni mwake. Weka mita 1.5 hadi 2 za nailoni.

Unene wake unategemea unachokiogopa zaidi. Sehemu yenye tope na samaki wakubwa, weka 0.80 hadi 1.00. Sehemu yenye mawe mengi, ambako kunasa ni lazima, weka 0.60 mbele ya uzi wa kusuka wa kilo 22. Hapo ukinasa na kulazimika kukata, kitakachokatika ni kipande cha mbele, si mita 60 za uzi wa gharama.

Kuunganisha wa kusuka na nailoni:

1. Laza ncha mbili zikitazamana, zipishane sentimita 20.
2. Chukua ncha ya uzi wa kusuka, ikunje irudi nyuma ifanye kitanzi kando ya nyuzi zote mbili.
3. Pitisha ncha hiyo ndani ya kitanzi ukizunguka nyuzi zote mbili mara 8. Ukizunguka mara 4 itateleza.
4. Kaza nusu nusu.
5. Fanya vivyo hivyo kwa ncha ya nailoni, mara 4 zinatosha. Kwa nailoni ya 0.80 kwenda juu hata mara 3.
6. Lowesha mafundo yote mawili, vuta nyuzi ndefu mpaka yakutane, kaza kabisa, kata ncha ukibakiza milimita 2.

Kulowesha si mapambo. Nailoni ikikazwa kavu inajisugua, inapata moto, na hapo hapo inapoteza nguvu. Kwa nailoni ya 1.00 fundo hili linakuwa kubwa na litagonga pete za fimbo. Fupisha kipande cha mbele ili fundo libaki nje ya pete ya mwisho unaporusha, au unganisha kwa kiungo cha chuma kinachozunguka.

Kufunga uzi wa kusuka kwenye kiungo hicho: ukunje mara mbili kwa sentimita 15, pitisha mkunjo kwenye tundu, funga fundo la kawaida bila kulikaza, pitisha kiungo chote ndani ya kitanzi kilichobaki, lowesha, vuta. Fundo hili halitelezi. Kwa nailoni kwenye ndoano, pitisha ncha kwenye tundu, izungushe kwenye uzi wake mara 5, irudishe kwenye kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, halafu kwenye kitanzi kikubwa ulichokiacha, lowesha, kaza.

Hatua ya 6: Breki

Funga ncha ya uzi kwenye mzani wa kuning'iniza, mtu aushike, vuta kwa fimbo ikiwa imepinda. Rili ianze kuachia uzi kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya sehemu dhaifu kuliko zote, fundo likiwemo. Nailoni ya kilo 14 ni kilo 3.5 hadi karibu 4.7. Wa kusuka wa kilo 22 usifikishe kilo 7 kwa sababu tu uzi unaweza. Mdomo wa samaki, ndoano na fimbo haviwezi. Kilo 4 hadi 5 zinatosha.

Anayevua kwa breki nzuri pia humrudisha mdogo akiwa mzima. Sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi. Rula iwepo mtumbwini.

Uzi umekatika: soma ncha

Usifunge ndoano nyingine kabla ya kuangalia. Ncha iliyojikunja kama mkia wa nguruwe ina maana fundo limeteleza: mizunguko haikutosha au hukulikaza. Ncha ya nailoni iliyokatika safi, ikiwa na mikwaruzo sentimita chache juu yake, ni jiwe au kifuniko cha matamvua. Kata mita 3 zote zilizoguswa na ufunge upya. Nailoni iliyopauka, ngumu, inayokatika ukiivuta kwa mikono tu, imekufa kwa jua. Ncha ya kusuka iliyochanua nyuzi kama brashi imesagwa mahali fulani: kagua pete za fimbo kwa kupitisha pamba ndani yake, pamba ikinasa, pete ina ufa, nayo itakata kila uzi utakaoweka.

Ukinasa, usizungushe uzi mkononi, hata nailoni, na wa kusuka ndiyo kabisa. Zungusha mara tano kwenye kipande cha kasia au mti, nyoosha uzi na vuta ukirudi nyuma, bila kukunja fimbo. Kwenye mtumbwi, sogea kwanza juu ya mahali ndoano iliponasa. Mara nyingi ndoano hutoka kwa kuvutwa upande wa pili.

Utunzaji

Nailoni isikae juani kwenye dari la boti. Anayevua kila wiki aibadilishe kila baada ya miezi 3 hadi 6, na kila siku ya mawe akate mita 3 za mbele. Wa kusuka hudumu miaka kadhaa; ukichakaa mbele, ugeuze, upande uliokuwa chini uwe juu.

Vipande vilivyokatwa virudi nchi kavu kwenye chupa yenye kifuniko, vimekatwa vifupi. Ziwani hunasa ndege kama mnandi, na hujizungusha kwenye rafadha ya injini. Uzi ukiingia nyuma ya rafadha unakata sili ya shafti, maji yanaingia kwenye oili ya gia, na oili inageuka rangi ya maziwa. Kwa hiyo ukijua umepita juu ya uzi, zima injini, inua, toa pini na rafadha, kata uzi wote kwa kisu kidogo bila kugusa sili, na ukifika mwaloni fungua skrubu ya chini ya gia uone oili ikoje.